Kompyuta Haipoi kwa Kuvuliwa Ubavu

Kuna ushauri unaotolewa bure katika vijiwe vya mafundi kompyuta kwenye barabara ya kusini, kuanzia Mbagala mpaka Kibiti na kuendelea hadi Ikwiriri, kabla ya kuvuka Daraja la Mkapa: mashine ikichemka, ivue ubavu ipumue. Isipopoa, iongezee feni. Ikishindikana kabisa, ielekezee feni ya meza. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba ukiingia kwenye fremu ya steshenari Kibiti mjini mwezi wa pili, saa nane mchana, bati juu halina dari na barabara iko mbele ya mlango, si ajabu kukuta mashine ya kuchapia barua na kujazia fomu za mikopo ya wanafunzi iko wazi upande mmoja, mazabodi yote inaonekana, na feni ya meza inaipulizia. Mwenye duka anaamini anaitunza. Nasema anaiua, na jambo hili linaniuma kwa sababu mashine hiyo mara nyingi ndiyo mtaji wake wote.

Tuwatendee haki wanaotoa ushauri huo, maana hawakuuokota tu. Ukivua ubavu, kiganja kinahisi joto likitoka. Ukifungua programu ya kupima joto, HWMonitor au Core Temp, unaweza kukuta prosesa imeshuka nyuzi nne au tano. Mteja ameona kwa macho yake, na hoja inaonekana imekwisha. Lakini tujiulize namba ile imesema nini hasa. Kama mashine inapoa ikifunguliwa, basi ilipokuwa imefungwa hewa ilikuwa haiingii au haitoki inavyotakiwa. Kuna mahali pameziba, au feni imegeuzwa, au tundu fulani limeachwa wazi pasipo pake. Kuifungua kumetuonyesha ugonjwa upo. Kinachofuata ni kuutafuta, kuutibu, kisha kurudisha ubavu na kukaza skrubu. Fundi anayeishia katikati amefanya nusu ya kazi, na ile nusu aliyoiacha ndiyo ngumu.

Mashine nyingi zinazofanya kazi huku kwetu ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo. Waliozitengeneza walipanga njia ya hewa kabla ya kukata bati la kasha. Hewa inaingia mbele, upande wa chini, inapita kwenye diski, inapita kwenye RAM na prosesa, inatokea nyuma. Ndani ya OptiPlex nyingi kuna kifuniko cha plastiki kinachounganisha feni na hitisinki ya prosesa, ili hewa yote ya feni ilazimike kupita katikati ya mapezi ya hitisinki. Ni kipande ambacho mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakisema kinazuia hewa. Kuzuia ndiyo kazi yake kweli: kinaizuia hewa isipite pembeni. Kikitolewa, feni inabaki kuchezea hewa ya jirani, ile ile ya moto, na prosesa inaanza kupunguza kasi ili isijiunguze. Mteja anaona mashine imekuwa nzito na anaambiwa anunue nyingine.

Mwaka 2004 Intel ilikwenda mbali zaidi. Pentium 4 za wakati ule zilikuwa zimefika wati 115, joto la kutisha kwa kasha la ofisini, nayo ikaleta mpangilio mpya wa mazabodi ulioitwa BTX. Prosesa ilisogezwa mbele, kwenye mlango wa hewa, na vitu vingine vyenye joto vikapangwa nyuma yake kwenye mstari mmoja. Mpangilio huo haukudumu, kwa sababu mwaka 2006 zilikuja Core 2 Duo za wati 65 na shida ikapungua. Lakini tazama walichofanya wahandisi walipobanwa na joto: waliinyoosha njia ya hewa. Hakuna aliyependekeza kasha livuliwe.

Watu wa delta hawahitaji kufundishwa sababu yake. Rufiji ikikaribia bahari inagawanyika matawi mengi, na maji hayajigawi kwa usawa. Yanafuata palipo rahisi. Tawi moja likipata njia pana, mengine yanapungua nguvu na kujaa mchanga. Hewa ndani ya kasha inafuata sheria hiyo hiyo. Ukiondoa ubavu, feni ya nyuma haina tena haja ya kuvuta hewa kutoka mbele kabisa, kupitia gridi, diski na msitu wa nyaya. Inavuta iliyo karibu yake, kupitia pale palipo wazi, na kuitupa nje. Feni ya prosesa nayo inajichukulia ya kwake. Diski iliyo mbele chini, ambayo ndiyo imebeba kazi zote za wateja, inabaki kwenye hewa iliyotulia. Ndiyo maana anayepima prosesa peke yake anaona faida. Apime na diski, HWMonitor inaionyesha pia, na aiache mashine ifanye kazi nusu saa kila upande, ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, ndipo atoe hukumu.

Nije kwenye wingi wa feni, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.15 hivi. Ikipita ndani ya kasha na kupanda nyuzi 10, inatoka imebeba takriban kilojuli 11.5 za joto. Mashine ya ofisini inayokula wati 100, ambayo tayari ni kazi nzito kwa mashine ya kuchapa na kutoa fotokopi, inatoa kilojuli 360 kwa saa. Gawanya: zinahitajika mita za ujazo 31 tu za hewa kwa saa. Feni moja ya kawaida ya milimita 120 inasukuma zaidi ya mita 80 kwa saa ikiwa haina kizuizi. Ukiiwekea gridi, kichujio na nyaya, ikabaki nusu, bado inatosha. Mashine yenye feni nyingi na bado inachemka haikosi feni, inakosa njia.

Na hata ukiongeza, faida inapungua kila hatua. Hewa ikiwa mara mbili, ule mpando wa nyuzi 10 unakuwa 5. Ukiongeza tena mara mbili, unakuwa 2.5. Umenunua feni mbili zaidi ili upate nyuzi mbili na nusu za mwisho, na kelele juu. Tena hakuna feni inayoweza kulipoza kasha chini ya joto la hewa inayoingia. Chumba kikiwa na nyuzi 33, hizo 33 ndipo unapoanzia. Anayehariri video au kucheza magemu kwenye mashine yenye kadi kubwa ya picha, inayokula wati 300 kwa jumla, anahitaji mara tatu ya hewa hiyo, na kwake feni mbili mbele na moja nyuma ni hesabu ya haki. Steshenari haiko huko.

Kosa kubwa kuliko idadi ni upande. Mtumba wa kawaida unakuja na feni mbili zinazotoa hewa: ile ya nyuma, na ile ya ndani ya pawa saplai, ambayo watu husahau kuihesabu. Zinazoingiza hewa ni sifuri. Fundi anaongeza ya tatu mahali ambapo skrubu zinaingia kwa urahisi, na mara nyingi anaifunga nayo ikitoa hewa. Sasa feni tatu zinagombania hewa ya kasha lisilo na mlango. Kama una feni moja tu ya kuongeza, mahali pake ni mbele, chini, ikiingiza. Kujua upande wake ni rahisi: hewa inatokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota, na kwa kawaida ndiko iliko stika. Upande ulio wazi, unaoonyesha mapanga yote, ndio unaovuta. Feni nyingine zina mishale miwili midogo ubavuni, mmoja wa mzunguko na mwingine wa mkondo wa hewa, ila mafundi wachache hugeuza feni kuitafuta.

Hapo ndipo utasikia hoja ya kisayansi: joto hupanda juu, kwa hiyo feni ziwekwe juu zitoe. Joto hupanda kweli. Lakini linapanda kwa nguvu gani? Ndani ya kasha lenye urefu wa sentimita 40, hewa iliyozidi ya nje kwa nyuzi 10 inapata msukumo wa kwenda juu usiofika hata pascal 0.2. Feni ya kawaida ya milimita 120 ina uwezo wa kusukuma kwa pascal 10 au zaidi. Ni zaidi ya mara 50. Hewa inakwenda inakosukumwa na feni, juu, chini au pembeni. Kupanda kwa joto kunakuwa na maana pale feni zote zimezimwa tu. Na feni ya juu ina madhara yake ikifungwa upande wa mbele wa paa la kasha: inainyakua hewa baridi iliyotoka kuingia, kabla haijaifikia prosesa. Kama kasha lako lina tundu la juu na lazima ulitumie, tumia lile la nyuma, juu ya prosesa, na la mbele lizibe.

Haya yote mtu anaweza kuyaona kwa macho, bila kifaa cha gharama. Chukua kijiti cha udi, kile kile kinachofukizwa sebuleni. Funga kasha kwa skrubu zake, washa mashine, ipe kazi dakika chache. Washa kijiti, kung'uta jivu kwanza, kisha kipitishe polepole mbele ya gridi ya mbele, ukiacha nafasi ya vidole vitatu. Uzi wa moshi unatakiwa kupinda na kumezwa. Ukipanda wima kama mashine haipo, mbele pameziba. Bandua uso wa plastiki, unaoshikwa na klipu, na karibu kila mara utakuta tabaka la vumbi lililoshikana na nyuzi za nguo, nene kiasi cha kubanduka kipande kizima kwa kucha. Kulitoa hilo peke yake kunaweza kuleta zile nyuzi nne au tano ambazo mwenzako alizitafuta kwa kuvua ubavu.

Halafu zunguka nyuma. Kwenye feni, moshi usukumwe mbali nawe. Shuka nao chini kidogo, kwenye nafasi za kadi, mahali penye vibati vyembamba vilivyosimama kwa mstari. Mashine nyingi za mtumba zimenyofolewa kadi na vibati havikurudishwa. Hapo ndipo utaona jambo ambalo lingenitosha kuandika makala nzima: moshi unaotolewa na feni juu unashuka, unapinda, na kuingia tena kupitia matundu hayo, kisha unatolewa tena. Feni inafanya kazi mchana kutwa kuzungusha hewa ile ile ya moto, sentimita chache kutoka mahali ilipo, na mbele hakuna kinachoingia. Dawa ni vibati viwili, au kipande cha kadi ngumu na selotepu. Hakuna feni ya kununua.

Sasa vumbi, na hapa nasema kwa uchungu zaidi kwa sababu huku kwetu vumbi haliji peke yake. Kibiti iko karibu na bahari, na wilaya inashuka mpaka Nyamisati, zinakopandiwa boti za kwenda Mafia, ambako hewa ina chumvi unayoweza kuionja mdomoni. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu na kuyeyuka pale unyevunyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na asubuhi za pwani hupita kiwango hicho bila shida. Vumbi lenye chumvi likilala juu ya mazabodi usiku, mashine ikiwa imezimwa na kupoa, linashika maji, linapitisha umeme mahali usipotakiwa, na linakula shaba taratibu. Asubuhi mashine inawaka, inazima, inawaka. Watu wanasema ni umeme wa TANESCO. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni ubavu uliovuliwa tangu mwaka jana.

Ndiyo maana kwa huku kwetu ni muhimu hewa inayoingizwa na feni izidi kidogo inayotolewa. Feni zinazotoa zikizidi, kasha linavuta kupitia kila ufa: tundu la CD, matundu ya USB, maungio ya bati, na kila ufa unakuwa mlango wa vumbi usio na kichujio. Zinazoingiza zikizidi, nyufa zote zinapuliza nje, na vumbi lina mlango mmoja tu, ule wa mbele, ambao unaweza kuuwekea kichujio na kukiosha. Sponji nyembamba yenye matundu inafaa. Soksi nyepesi ya nailoni iliyovutwa vizuri inafaa pia. Chandarua kinazuia mende na mijusi, vumbi kinalipisha. Kitambaa cha khanga ni kizito mno, kinanyonga feni. Kichujio kinapunguza hewa, ndiyo, lakini tumeshaona kwamba hewa tunayoihitaji ni kidogo kuliko feni inavyoweza kutoa, kwa hiyo tunayo ya kupoteza.

Kuna ushahidi ambao mtu wa upande wa pili angeweza kuniletea, na ni haki niulete mwenyewe. Mwaka 2008 Intel ilitoa matokeo ya jaribio lake huko New Mexico, Marekani. Seva zipatazo 900 ziliendeshwa kwa miezi 10. Nusu yake ilipozwa kwa hewa ya nje, yenye joto hadi nyuzi 33, ikichujwa kidogo tu, hadi seva zikafunikwa na vumbi. Zilizoharibika upande huo zilikuwa asilimia 4.46, na kwenye kituo chao kikuu cha kawaida asilimia 3.83. Tofauti ndogo. Je, vumbi si kitu basi? Jaribio lile lilikuwa jangwani, mbali na chumvi ya bahari, na miezi 10 ni michache kwa mashine ambazo hapa zinafika mkononi mwetu zikiwa na umri wa miaka kumi na tunategemea ziishi mitano mingine. Tena kila seva ile ilikuwa imefungwa, hewa inaingia mbele na kutoka nyuma kama ilivyopangwa. Mimi nalisoma jaribio hilo kama habari njema kwetu: nyuzi 33 ni joto la mchana wa kawaida wa kaskazi hapa Kibiti, na mashine iliyofungwa vizuri inalimudu bila kiyoyozi.

Google nao, mwaka 2007, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kwenye seva zao. Hawakuona kwamba diski yenye joto kidogo zaidi inakufa mapema. Athari ilijitokeza kwenye joto la juu sana, na hasa kwa diski zilizozeeka. Kwa hiyo nyuzi nne tulizozipata kwa kuvua ubavu zina thamani ndogo kuliko tunavyodhani, na tumezilipia kwa vumbi, chumvi na mijusi.

Feni ya meza sina mengi ya kuisemea. Inakula wati 50 hivi, wakati feni ya kasha inakula mbili au tatu. Ikiwaka saa nane kwa siku, siku 26, imemaliza yuniti 10 za LUKU kwa mwezi, kufanya kazi ambayo feni ndogo ingeifanya kwa nusu yuniti. Igeuzie mtu anayechapa. Yeye ndiye anayeihitaji.

Kinachobaki ni mahali mashine inapokaa. Kwenye fremu nyingi mashine imesukumwa ndani ya kabati la meza, mgongo unagusa ukuta, pembeni kuna rimu za karatasi na mfuko wa nyaya. Hewa ya moto ikitoka nyuma inagonga ukuta, inazunguka ubavuni na kuingizwa tena mbele. Ndani ya dakika kumi mashine inavuta hewa yake yenyewe, na hapo hata feni kumi zilizopangwa kwa ustadi hazisaidii. Itoe kabatini. Iache nafasi ya shibiri moja nyuma. Iinue kutoka sakafuni kwa matofali mawili au kiti kifupi, kwa sababu kila mteja anayeingia na ndala anarusha mchanga kwenye usawa ule ule wa mdomo wa hewa. Uso wake usitazame mlango wa barabarani.

Kwenye maabara za kompyuta za shule tatizo ni hilo hilo, ila limepangwa kwa safu. Meza zinawekwa zote zikitazama ubao kwa pamoja, na mashine za safu ya mwisho zinapulizia hewa ya moto moja kwa moja kwenye midomo ya safu iliyo mbele yake, nayo kwa iliyo mbele zaidi, mpaka safu ya kwanza inachemka na kuzima wakati ya mwisho haina tatizo lolote. Mwalimu anaripoti kwamba mashine za mbele ni mbovu. Zibadilisheni nafasi na za nyuma, mtaona ubovu umehamia kwa nyingine. Safu mbili mbili zipangwe migongo ikitazamana, ushoroba wa migongo uelekee dirishani upande ambao upepo unatoka chumbani, na mbavu zote zifungwe. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwalimu na wanafunzi wachache, na haihitaji kibali cha kununua chochote.